Miti Mia Mbili ya Karatasi

Kila asubuhi kabla ya kengele ya gwaride, Wakiuru alipita nyuma ya madarasa kukagua mashimo. Alikuwa mwanafunzi wa Gredi ya Sita na mwenyekiti wa klabu ya mazingira katika shule yao, iliyojengwa kwenye mteremko karibu na Karatina. Mashimo yalikuwa mia mbili kamili. Wanaklabu walikuwa wameyachimba kwa majembe waliyobeba kutoka nyumbani, wiki mbili mfululizo baada ya masomo, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Walikuwa na sababu. Kila masika, maji yaliporomoka kutoka juu ya kilima yakisomba udongo hadi ndani ya darasa la Gredi ya Pili. Watoto wadogo walisoma huku miguu yao imo topeni. Kwa hiyo Murugi, dada yake Wakiuru aliyekuwa chuo kikuu, alipoleta habari kwamba chama cha mazingira cha wanafunzi wa chuo chake kingepanda miti mia mbili kwenye mteremko huo, shule nzima ilifurahi.

Wanachuo walifika Jumamosi moja kwa basi la chuo, wamevaa fulana za kijani na kubeba bango refu. Mwenyekiti wao, kijana mchangamfu aliyeitwa Moffat, aliwasalimia watoto mmoja mmoja kwa mkono. Wakiuru alichungulia ndani ya basi. Aliona miche ishirini tu.

"Mingine iko wapi?" aliuliza.

"Inakuja na lori," Moffat alijibu. "Tuanze na picha kabla jua halijawa kali."

Wakiuru alipewa mche wa mwerezi. Aliutia shimoni, akaufukia na kuushindilia udongo kwa viganja, huku kamera ikimmulika. Mpiga picha alipomaliza, Moffat aliinama, akaung'oa mche ule, akaukung'uta na kuupeleka kwenye shimo jingine ambako mtoto mwingine alikuwa akisubiri zamu yake. Mche huo mmoja ulipandwa mara tano. Wakiuru alimtazama dada yake, aliyekuwa ameshika bango. Murugi aliangalia kando.

Mwalimu Simeon, mlezi wa klabu, alikuwa ameitwa mkutanoni mjini Nyeri siku hiyo, na mwalimu wa zamu alikuwa jikoni akisimamia uji. Moffat alimletea Wakiuru fomu.

"Wewe ndiye mwenyekiti hapa, sivyo? Basi mwenyekiti amtilie mwenyekiti mwenzake sahihi. Ni ya kuonyesha tu kwamba tulifika."

Nafasi ya kuandika idadi ya miti ilikuwa wazi. Wakiuru aliiona. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kumwita mwenyekiti kwa heshima namna ile, naye alijihisi mkubwa. Akaishika kalamu, akatia sahihi.

Lori halikuja siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Iliyokuja ni mvua. Mashimo yalijaa maji, udongo ukaingia darasani kama kawaida yake. Alasiri moja Mutahi, mtoto wa Gredi ya Pili, aliteleza akitoka msalani, akatumbukia shimoni hadi kiunoni. Mwalimu Simeon alimtoa, kifundo cha mguu wa mtoto kimevimba kama kiazi. Kwa siku nne Mutahi hakuja shuleni.

Mwishoni mwa juma hilo Murugi alirudi nyumbani na tarakilishi yake. Wakiuru alipompelekea chai, aliona picha yake mwenyewe kwenye kioo, ameinamia mche wa mwerezi. Chini yake paliandikwa: *Miti mia mbili imepandwa, na yote inaendelea vizuri.* Kisha sahihi yake.

"Murugi, hii ni nini?"

"Ripoti ya mwaka," dada yake alisema bila kuinua macho. "Kila chama lazima kionyeshe kazi kilizofanya. Ofisi ya wanafunzi inatoa alama kwa kila kazi, na alama ndizo zinazoleta ruzuku ya mwaka mzima. Mwaka jana tulikuwa wa mwisho. Moffat alisema tuandike mia mbili, halafu tutapanda baadaye."

"Lakini sahihi ni yangu."

"Ni karatasi tu, Wakiuru. Ati unafikiri vyama vingine havifanyi hivyo?"

"Mutahi hakuangukia kwenye karatasi," Wakiuru alisema.

Murugi alifunga tarakilishi, wala hakuigusa ile chai. Wakiuru alitoka nje, uso unamwaka moto. Aliwakasirikia wanachuo waliotumia malengelenge ya watoto kujitafutia alama. Alimkasirikia dada yake. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu uongo ule haungesimama bila jina lake.

Jumatatu alimwendea Mwalimu Simeon akamweleza yote, akianza na kosa lake.

"Ulitia sahihi fomu isiyojazwa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu aliweka kando madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Kosa hilo ni lako, nawe umelikubali. Hili jingine ni lao. Hatutalinyamazia."

Siku ya Alhamisi, kwa ruhusa ya mama yake, Wakiuru alifuatana na mwalimu hadi chuoni. Bi Kaari, afisa aliyesimamia vyama vya wanafunzi, alikuwa amepigiwa simu na mwalimu, akawaita viongozi wa chama cha mazingira ofisini kwake. Ripoti ilikuwa mezani. Moffat alitabasamu.

"Madam, huyu ni mtoto. Labda hakuelewa hesabu za mradi."

Wakiuru alisogea karibu na meza. "Naelewa kuhesabu. Mlikuja na miche ishirini. Mlipanda kumi na miwili, minane mkarudi nayo kwenye basi. Mche wangu uling'olewa nikiuangalia. Mashimo yaliyobaki ni mia moja themanini na manane, na tuliyachimba sisi. Mtoto ameumia ndani ya shimo moja. Kama mnapenda picha, njooni mpige ya darasa la Gredi ya Pili leo."

"Madam, si sisi peke yetu tunao—"

"Sijauliza habari za wengine," Bi Kaari alimkata.

Ndipo Murugi, katibu wa chama, aliposimama. "Idadi hiyo niliiandika mimi. Nilijua si kweli. Nilimwona dada yangu akinyang'anywa mche, nikanyamaza."

Tabasamu la Moffat lilififia. Bi Kaari aliisukuma ripoti kando. "Hii haipati alama hata moja. Ruzuku yenu itasubiri mpaka miti iwe ardhini na mvua za vuli zinyeshe. Nitakuja kuihesabu mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata basi lilirudi bila bango. Lilijaa miche ya mwerezi na ya muiri, mti wa asili wa milimani, na kila mwanachuo alibeba jembe lake. Walipanda mpaka magharibi. Moffat, ambaye wenzake walikuwa wamemvua uenyekiti, alichimba mtaro wa kugeuza maji huku viganja vyake vikichubuka, kisha akaenda kwao Mutahi kuomba radhi mbele ya wazazi wake. Baada ya hapo wanachuo walikuja kila mwezi kupalilia.

Vuli ilipofika, mvua ilinyesha juma zima. Sakafu ya Gredi ya Pili ilibaki kavu. Bi Kaari alipanda mteremko akiwa na buti za mpira, akahesabu mti mmoja mmoja pamoja na Wakiuru. Iliyokuwa hai ilikuwa mia moja themanini na mitatu, na Murugi akaandika idadi hiyo hiyo.

Kisha Bi Kaari aliidhinisha ruzuku, akawakusanya wanachuo na watoto pamoja.

"Ruzuku hutolewa ili kazi ifanyike," alisema. "Anayeandika kazi ambayo hakuifanya anamwibia aliyeihitaji kazi hiyo, hata kama hajaingiza mkono mfukoni mwake. Mnaona leo kwamba ukweli umeleta idadi ndogo, na bado darasa ni kavu. Idadi kubwa ya uongo haikuzuia hata tone moja."

Akamgeukia Wakiuru. "Nawe usimpe mtu jina lako alijazie maneno. Soma kwanza. Ukikuta nafasi wazi, rudisha kalamu."

"Ndiyo, Madam," alisema Wakiuru.