Ukuta wa Bafu la Chumbani

Jioni ile nilirudi kuchukua pima maji yangu tu, niliyoisahau. Kesho yake ndiyo nilikuwa naanza kubomoa bafu la chumbani kwa Madamu. Jina hilo nilimpa mimi, kwa madaha yake. Bafu lilikuwa limechakaa kweli: vigae vya waridi, beseni la kuogea lenye kutu. Yeye alitaka vigae vyeupe, pawe patulivu, kila kitu mahali pake.

Mlangoni pa bafu nikamkuta mama mkwe wake kwenye kiti cha magurudumu. Bibi wa watu alikuwa amepooza miguu, na mwanawe, mume wa Madamu, alikuwa safarini.

"Mjukuu wangu," akaninong'oneza, "ukuta ule wa beseni usiuguse."

"Una nini, bibi?"

"Hivi vigae niliweka mimi, nilipoolewa. Mama mkwe wangu alikuwa hai."

"Alifariki lini?"

"Hatukumzika."

Kwa mazoea ya kazi nikagonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Kigae kilichoshika hulia kizito. Kilichoachia hulia utupu.

Ko, ko.

Utupu mtupu. Halafu, kutoka ndani...

Ko, ko.

"Panya hao," Madamu akasema nyuma yetu. Panya gani anayejibu hodi? "Mama, usimchoshe fundi." Akageuza kiti, akaondoka naye.

Kesho yake nilibandua vigae vyote vya waridi. Nyuma yake palikuwa na tofali tupu, zima, hata ufa hakuna. Ila palinuka sabuni ya zamani na nywele mbichi. Bibi sikumwona. Niliambiwa kapelekwa kwa binti yake. Sasa mbona kiti chake kilikuwa koridoni, kimelowa chapachapa?

Vyeupe vikapanda, siku baada ya siku. Jioni ya mwisho nikapita nagonga kimoja kimoja.

Ko, ko.

Ko, ko...

"Mjukuu wangu... maji ya baridi..."

Ilikuwa sauti ya bibi! Nikadaka nyundo, nikavunja vigae kama kichaa. Tofali. Nikavunja tofali. Nyuma yake tofali jingine, na sauti inazidi kwenda mbali.

Madamu alisimama mlangoni, ameshika taulo lililokunjwa vizuri.

"Bibi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nimemwogesha miaka. Nimechoka. Sasa katulia." Akatazama lile tundu. "Paziba leo hii. Pakibaki wazi panachagua penyewe, na wewe ndiye uliye karibu."

Nikaziba. Machozi yananitoka, nikaziba. Wewe ungefanyaje?

Miaka mingi imepita. Mwezi uliopita nikapigiwa simu na msichana mwenye sauti tamu, kaolewa na mtoto wa Madamu.

"Fundi, hili bafu jeupe limepitwa na wakati. Nataka patulie."

Nyuma yake mtu akapiga yowe. "Usije, fundi! Nakuomba, usije!"

Nilimjua. Madaha yote yamekwisha.

"Mama," yule msichana akasema kwa upole, "usimchoshe fundi."

Nikakata simu. Kazi ile siitaki hata kwa mtutu wa bunduki. Lakini mafundi tuko wengi, na jana nimepita pale nikaona gari limeegeshwa getini, wanashusha vigae vya kijivu.