Mstari Uliorukwa

Kila siku baada ya masomo nilikwenda kumsubiri mama kazini. Mama alikuwa mpiga chapa wa Bunge, na mwenzake aliyekuwa akihakiki naye alipougua, nilishika nafasi yake. Mama alisoma kwa sauti muswada alioupiga chapa. Mimi nilifuata kwa rula kwenye nakala ya asili, mstari kwa mstari, nikiitikia "sawa".

Siku hiyo muswada ulihusu mto tunaoutumia pamoja na nchi jirani. Ulikuwa na kurasa thelathini. Miguu ya mama ilikuwa imevimba na sauti imemkauka. Mimi nami nilikuwa hoi. Kufikia ukurasa wa kumi na nne rula yangu ilisimama, ila mdomo uliendelea: sawa, sawa, sawa.

Tulipomaliza, mama alitia sahihi. Tarishi aliyekuwa akisubiri mlangoni akanyoosha mkono ili azipeleke karatasi kwa wachapishaji, maana wabunge wangeujadili muswada kesho yake.

Nilitaka nikalale. Lakini moyo ulinisuta, kwa sababu sahihi iliyokuwa pale chini ilikuwa ya mama, si yangu.

"Mama, kuanzia ukurasa wa kumi na nne sikufuata. Nilikuwa naitikia tu."

Mama alinitazama. Hata nguvu za kunigombeza hakuwa nazo. "Mzee wangu, hebu turudishie," alimwambia tarishi.

"Na koti nimeshavaa," tarishi aliguna, akaketi.

Tulianza upya. Katika ukurasa wa kumi na saba, Waziri aliruhusiwa kufunga mkataba wa maji na nchi jirani. Kisha mama akaendelea na kifungu kingine, ilhali chini ya rula yangu palikuwa na mstari ambao hakuusoma: "Mkataba huo hautatumika mpaka uridhiwe na Bunge."

Mama alishika kichwa. "Nimeuruka."

"Kwa hiyo Waziri angegawa maji yetu bila kumuuliza mtu?"

"Kama wabunge nao wangeitikia bila kusoma, ndiyo. Serikali ndiyo inayozungumza na majirani, mwanangu, lakini Bunge ndilo linalotunga sheria ya kuiambia ifike wapi."

Aliuongeza mstari ule, tukamaliza kurasa zote, akatia sahihi upya. Tarishi alipoondoka, mama aliegemea kiti na kufumba macho.

"Kuchoka si kosa," alisema. "Hata mimi nimechoka, ndiyo maana niliuruka. Lakini siku nyingine ukichoka, sema umechoka. Usiseme sawa."