Mke Wangu Alimwaga Chai Yangu Nikiwa Nakufa na Kiu

Nilimwona na macho yangu mawili.

Mke wangu, Nasimiyu, amesimama nyuma ya jikoni. Ameshika kikombe changu. Akaangalia huku, akaangalia kule… halafu akamwaga chai yangu yote kwa mizizi ya ndizi.

Chai ya maziwa. Mama yangu alikuwa ameniletea dakika tano tu zilizopita, akaiweka ipoe.

Na mimi hapo nimeshikilia ukuta ndio nisianguke, ulimi umenata kwa kiu.

Ngoja kwanza nijitambulishe. Naitwa Wekoye, niko na miaka tisini na mbili. Najua kuna mtu ataandika kwa comments ati mzee wa umri huo anatafuta nini mtandaoni. Natafuta wewe. Kaa chini usome.

Hiyo ilikuwa 1956, kwetu karibu na Myanga, upande wa Bungoma. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na wiki tatu zilikuwa zimepita tangu daktari mzungu kule Kitale anipasue tumbo.

Nilikuwa nabeba magunia kwa stoo moja ya mahindi Kitale, kando ya reli. Vidonda vya tumbo nilikuwa navyo miaka miwili, nikavificha, kwa sababu kijana wa nguvu halalamiki. Siku moja nikatapika damu juu ya gunia. Nilipopata fahamu vizuri niliambiwa sehemu kubwa ya tumbo imekatwa, kimebaki kipande kama ngumi ya mtoto.

Siku ya kutoka hospitali, daktari aliongea Kiingereza kirefu sana. Msaidizi wake akanitafsiria kwa maneno manne.

"Kula kidogo, kunywa kidogo."

Basi. Kidogo ya nani sasa? Kwetu mtu akikuambia amekula kidogo, ujue amemaliza sahani moja ya ugali badala ya tatu.

Lakini Nasimiyu alikuwa na sheria zake tangu siku ile nilishuka kwa basi.

Maji, vijiko viwili. Anangoja. Viwili tena. Anangoja. Hivyo hivyo kutwa nzima, na hakuna kugugumia hata nikiomba na machozi. Chakula mara sita kwa siku, kila mara kiasi cha kiganja, na nitafune mpaka kiwe uji. Nikila sinywi, nikinywa sili. Na sukari, nisiiguse kabisa.

"Nani alikuambia hizi vitu?" nilimuuliza.

"Nifuate tu, bwana yangu."

Watu hufikiri ukikatwa tumbo na njaa inakatwa. Wapi! Kipande kile kidogo kilikuwa kinajaa na mchuzi tu, lakini kichwa kilikuwa bado kinataka kula kama mbeba magunia. Ndugu yangu mkubwa, Mukhisa, alikuwa akila kuku pale kwake, mimi nasikia mifupa ikivunjwa, nalia kama mtoto. Si uongo. Mwanaume mzima, nalia juu ya paja la kuku.

Sasa fikiria mtu wa hali hiyo anaona mke wake akimwaga chai.

"Nasimiyu! Kwa nini unamwaga?"

Alishtuka, kikombe nusura kianguke.

"Haikufai."

"Nani amesema?"

Akafuta kikombe kwa leso yake.

"Nakuuliza, nani amesema?"

"Nimesema mimi," akajibu, na akaingia ndani bila kuniangalia.

Nikaanza kumwogopa mke wangu siku hiyo.

Kesho yake akaenda mtoni kuchota maji. Alikuwa ameniacha nimekula supu yake, kile kiganja kimoja. Mama akaingia na kikombe kikubwa ameficha chini ya leso. Chai nzito, imewekwa sukari nguru mpaka inanata mdomoni.

"Kunywa haraka, baba," aliniambia. "Huyu mwanamke atakumaliza na njaa."

Nikanywa yote. Jamani, nilifunga macho kwa utamu.

Haikupita nusu saa. Moyo ukaanza kukimbia. Jasho likanitoka kichwani mpaka miguuni, tumbo likajikunja, macho yakaingia giza, nikaanguka karibu na moto.

"Amekula nini?" Nilisikia sauti ya Mukhisa kwa mbali.

"Supu ya mke wake," mama akasema.

Hakuna mtu alitaja chai. Chai ilitoka mkononi mwa mama mzazi, nani ataishuku? Hata mimi sikuishuku. Mama akazidi kuniletea kwa siri, ikatokea tena siku ya tatu, ikatokea tena siku ya tano, na kila mara nilikuwa nimekula chakula cha Nasimiyu kwanza.

Mukhisa akaita watu. Baba mdogo Wepukhulu alikuja, na majirani wawili watatu, wakakaa uani mchana. Mimi nilibebwa nikawekwa kwa ngozi, nimekonda mpaka suruali inafungwa na kamba.

"Mke wetu," Baba mdogo alianza, na aliuliza vizuri, bila ukali. "Hizi sheria za vijiko zilitoka wapi?"

Nasimiyu akaangalia chini.

"Daktari alikuambia wewe?"

"Hapana, baba."

"Sasa ni nani?"

Akaniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anataka umsaidie.

"Siwezi kusema," akajibu.

Watu wakaguna. Mukhisa akapiga magoti yake kwa mikono, akasema si mmesikia wenyewe.

Na mimi, ambaye sikuwa na nguvu hata ya kufukuza nzi usoni, nilipata nguvu ya kusema hivi:

"Huyu anataka kuniua. Huyu ni mchawi. Aende kwao."

Neno hilo kwetu ukilitoa halirudi mdomoni. Kila mtu pale alilijua, na mimi nililijua.

Hakujitetea. Aliingia ndani, akatoka na kikapu chake na leso moja. Alipofika kwa mama alipiga magoti.

"Mama, nakuomba. Vijiko viwili. Na sukari, tafadhali, usimpe."

Mama akageuza uso.

Sasa wenye roho ngumu wasome, wenye roho nyepesi warukie huko chini.

Mama yangu alinipenda. Aliuza kuku wake mmoja baada ya mwingine apate kuninunulia sukari nguru. Nilipewa chai, nilipewa uji wa wimbi wenye sukari, nilipewa ugali na maji mengi ya kuusukuma. Ukiingia unarudi. Usiporudi, ile jasho inakuja, moyo unakimbia, halafu nahara mpaka naishiwa.

Kiu ikawa mbaya. Nikipewa maji nagugumia kibuyu kizima kwa mara moja, na kibuyu kizima kinarudi. Midomo ikapasuka. Mkojo ukawa mweusi kama strungi, chai isiyo na maziwa, halafu ukakosekana. Sikuweza kuketi. Nilisikia watu nje wakiongea habari zangu kwa sauti ya chini, na niliwasikia wakitaja mahali pa kuchimba.

Nilijua nakufa na sikujua nifanye nini.

Siku ya tisa tangu Nasimiyu aende, mchana, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Ukuta wa udongo, yeye nje, mimi ndani.

"Mkwe wangu. Usijibu. Sikiliza tu."

Damu yangu, ile kidogo iliyobaki, ikasimama. Ilikuwa sauti ya Mama Lenah, mamake Nasimiyu!

Nyinyi wa siku hizi mnakula meza moja na mama mkwe na kupiga selfie. Sisi Wabukusu wa wakati huo, mama mkwe akija njiani unaingia kwa mahindi mpaka apite. Hakuoni ukila. Hagusi mkono wako. Na mahali unalala hakaribii kabisa. Nilijua tu anafanya kazi ya kufua huko Kitale, zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza, kwa sababu mambo ya mama mkwe hayaulizwi.

Mukhisa alifika mbio.

"Mama, umerukwa na akili? Unaongea na mkwe wako akiwa kitandani?"

"Nimempa mgongo na ukuta uko katikati," alijibu. "Niache niseme, ama wewe nenda utafute jembe la kaburi."

Nilisikia Mukhisa akirudi nyuma.

"Nasimiyu hana makosa," Mama Lenah akaendelea. "Zile sheria ni zangu. Mimi nafua na kusafisha pale hospitali. Waliokatwa tumbo nimewaona sita. Wanne wanaishi. Wawili walirudi kwao wakafa, na waliowalisha ni watu waliowapenda."

"Sasa si angesema tu wewe ndio ulimtuma?" Mukhisa akauliza.

Nilimsikia Mama Lenah akiegemea ukuta.

"Angesemaje? Mngeuliza mimi nimejulia wapi habari ya tumbo la mkwe wangu." Sauti ilianza kutetemeka. "Siku nne hakuruhusiwa kunywa hata tone. Alikuwa anapiga kelele ya maji na hajijui. Wauguzi walikuwa wawili na wagonjwa arobaini. Mnafikiri ni nani alilowesha midomo yake na pamba? Nani alimwosha? Nilimwosha mimi. Mwili wote. Nilifunga kitambaa usoni ili akiamka asinijue. Mtoto wangu alinikuta, nikamwapisha asiseme, kwa sababu mkisikia mtasema ndoa imechafuka."

Mimi nililia, lakini machozi hayakuja, maji hayakuwako mwilini.

Mama yangu alikuwa mlangoni na kikombe. Aliketi chini pale pale.

"Dada," akauliza, sauti ndogo sana. "Sukari inamfanya nini?"

"Inamwangusha. Ile jasho, ule moyo kukimbia, ni sukari, dada. Si sumu."

"Mimi ndiye nilikuwa nampa," mama akasema.

"Najua. Leta kijiko. Maji yaliyochemshwa, na chumvi kidogo tu."

Na hivyo ndivyo nilivyookolewa. Mama yangu ameshika kijiko ndani, mama mkwe ameketi nje ametupa mgongo.

"Mpe viwili. Sasa wacha."

"Anaomba zaidi."

"Najua anaomba. Wacha."

"Dada, analia."

"Wacha alie. Hesabu pole pole mpaka mia, halafu umpe viwili."

Alikaa pale mpaka jua likaelekea kuzama, na kesho yake akarudi, na keshokutwa. Hakula kwetu wala hakuomba hata kiti. Siku ya nne nilikojoa, na mama akapiga kigelegele kama nimefaulu mtihani.

Mwezi ulipita nikaweza kutembea. Nikaenda kwa Baba mdogo Wepukhulu na moyo mkononi, kumuuliza habari ya mama mkwe aliyeniona uchi. Nilitegemea aseme ndoa imekufa.

Mzee alichokonoa meno.

"Hiyo? Hiyo ni kondoo mmoja. Anachinjwa, mnasafishwa, maisha yanaendelea. Mtu akiokoa mtu tumkasirikie?"

Kondoo mmoja, jamani! Kitu kilichofanya wanawake wawili wameze ukweli mpaka mimi nikakaribia kaburi. Laiti wangeuliza. Laiti mimi ningemwachia Nasimiyu nafasi ya kuninong'oneza.

Kondoo alichinjwa. Nikavaa shati safi, nikaenda Kimilili kwao kumchukua mke wangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Alitoka nje. Alikuwa amenenepa kidogo, na alipendeza.

"Nasimiyu, mambo yamekwisha. Kondoo amechinjwa. Twende nyumbani."

"Kondoo amemsafisha mama," aliniambia. "Mimi utanisafisha na nini?"

"Nilikuwa mgonjwa."

"Najua. Mimi ndiye nilikuwa nakuuguza."

"Sikujua nasema nini…"

"Ulijua. Ulikuwa umelala pale huna nguvu ya kuinua mkono. Ulikuwa na nguvu ya neno moja tu, bwana yangu, na ukachagua lile."

Alisema bila hasira. Ningependelea anitukane. Nikasimama pale na shati langu safi mpaka akaingia ndani na kufunga mlango taratibu.

Baadaye aliolewa na mtu wa Webuye, wakapata watoto watano. Mimi pia nilioa tena, mama mzuri, Mungu amrehemu. Kipande kile cha tumbo kimenifikisha hapa, kwa vijiko na viganja.

Nasimiyu alifariki mwaka juzi. Nilienda kumzika, nikakaa nyuma na wageni. Mchungaji akasema kama kuna mtu alimjua marehemu akiwa msichana, asimame aseme neno. Watu wakaangaliana. Mimi sikusimama. Ningesema mimi ni nani?

Kwa hivyo wewe uliyekatwa tumbo, au uko na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, usitoke kwa daktari na neno "kidogo". Muulize mpaka akuonyeshe kidogo ni kiasi gani, na maji unakunywa saa ngapi.

Na yule mtu anakunyima kitu wakati unakililia, kama lazima umwite jina baya, ngoja kwanza upone.