Mikanda ya Binti Msomi

Mkanda wa kwanza ulinuka udi. Fransiska, fundi cherehani wa Elerai, alidhani ni mambo ya Ummy, mwenye duka la kukodisha video, akacheka. "Ummy naye! Hata mikanda anaifukiza."

Mwaka ule wa 1997 kahawa ya shamba lao la Nkoaranga ilikuwa haisomeshi mtu tena. Binti yake mkubwa, Anande, alikuwa amefaulu kidato cha nne, na tumaini lililobaki lilikuwa shindano la Binti Msomi, ambalo mshindi husomeshwa hadi chuo kikuu. Basi wakaazima mikanda ya miaka iliyopita, wajifunze washindi walivyotembea, walivyojibu, hata walivyocheka.

Wakatazama mchana, cherehani imefunikwa. Katika mkanda wa 1994, mshindi alipovikwa taji, sauti ya msichana iliita nyuma ya makofi: "Blessing!" Hakuna aliyegeuka.

"Mama," Anande akanong'ona, "Blessing si ndiye aliyeshinda mwaka uliofuata?"

Mkanda wa 1995 uliita, "Kandida!" Kandida ndiye mshindi wa 1996. Hapo Fransiska alipaswa kuzima. Namlaumu, ila shida haina macho. Akatia mkanda wa tatu.

"Anande!"

"Abee!"

Lilimtoka tu. Fransiska hakuvumilia mtoto kuitwa mara mbili. Wanawe wote wawili aliwafunza kwa fimbo kwamba ukiitwa, itika kwanza, sababu utaijua mbele. Harufu ya udi ikajaa chumba kizima.

Ummy alipoambiwa alishika kichwa. "Ameitika? Mama Anande, kwetu Tanga mtu haitiki mpaka amwone anayemwita! Blessing yuko kwao Kikwe, hatamki neno. Kandida vivyo hivyo. Mie nilidhani maradhi. Mtoe shindanoni!"

"Nikimtoa atasoma na nini?"

Mchungaji alimwombea Anande, harufu ya udi haikumtoka. Shehe Muzammil alisoma hadi jasho likamtiririka, na mwisho mdomo wa Anande ukafunguka, ukasema kwa upole, "Niliita, nikaitikiwa." Shehe akafunga kitabu. "Kimekaribishwa," alisema, na hakupokea hata chai.

Anande alishinda. Akaenda bweni, na kila barua aliyoandika ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, na walimu wakasema anajibu kwa kichwa, kisha kwa macho, na aliporudi likizo alishuka na sanduku lake, akakaa kwenye kiti cha dirishani, mdomo umefungwa, ananuka udi, na mama yake akamwita mara mbili, mara tatu, mara kumi, asiitike.

Mkanda wa 1997 ulipoletwa, Fransiska alitaka kitu kimoja tu: kuisikia tena sauti ya mwanawe. Alimtuma mdogo mtu, Tekla, akachote maji bomba la mbali, akafunga mlango. Alikuwa amemkanya sana asiitike asichokiona, lakini malezi ya miaka kumi na mitatu hayafutiki kwa siku chache.

"Mimi ninaitwa Anande," ilisema runinga, na Fransiska akalia hadi akasahau kuzima. Makofi yakaanza. Nyuma ya makofi hayo sauti ikaita, na safari hii aliijua, maana ilianza kulia mikononi mwake mwenyewe.

"Tekla!"

Nje, ndoo ilitua chini kwa kishindo.

"Abee, dada! Mama, fungua! Dada amesema!"