Halua Iliyoonjwa

Saa tisa alasiri, siku ya Jumamosi, Apolonia alikuwa anasugua viatu vyake kwenye karo nyuma ya nyumba yao, Lindi mjini. Kaka yake Klementi alisimama mlangoni akimcheka.

"Unajisumbua bure. Kinjal si alisema huko viatu vinavuliwa mlangoni?"

"Sitaki kufika navyo vichafu."

"Basi shiba kabisa hapahapa. Huko hakuna samaki, hakuna nyama, hata kitunguu hawatii."

"Klementi, mwache mwenzio!" mama yao aliita kutoka ndani. "Apolonia, ukifika usikae kama mgeni. Shika kazi."

Kinjal na Apolonia walikaa dawati moja darasa la sita. Jioni hiyo Bibi Hansa, bibi yake Kinjal, alikuwa amealika familia chache za Kihindu zilizobaki mjini pamoja na jamaa zao wa Mtwara, waimbe nyimbo za ibada kisha wale pamoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kualika watu tangu mumewe afariki, na wiki nzima hakuzungumza jambo jingine.

"Shikamoo, Bibi," Apolonia alisalimia alipofika kwa kina Kinjal.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mapema, vizuri. Nawa mikono uje unisaidie."

Jikoni kulikuwa na sufuria ya halua ya unga wa semolina, iliyopikwa kwa maziwa, samli, sukari na iliki. Bibi Hansa akampa mwiko. "Koroga bila kuacha, isije ikashika chini. Mimi naenda kupanga maua."

Alipobaki peke yake, Apolonia alifanya kama alivyofundishwa na mama yake: alidondosha halua kidogo kiganjani, akalamba. Ilikuwa ya moto mno, hakupata ladha. Akaonja tena. Kwao, kupakua chakula bila kukionja ni uzembe.

Mara Kinjal akaingia. "Inanukia! Natamani hata kulamba mwiko, lakini Bibi angenifukuza."

"Kwa nini?"

"Inatolewa kwa Mungu kwanza. Hata anayeipika haonji. Ikishaonjwa, haifai tena kutolewa. Wewe hujaonja, eti?"

"Hapana," Apolonia alijibu kabla hajafikiri.

Wageni walipofika, walikaa sebuleni kwenye mikeka. Mzee mmoja alipiga kinanda, kijana mmoja matoazi. Mtu mmoja alianzisha mstari, wengine wakaitikia. Apolonia hakuelewa maneno, lakini mstari uliporudiwa mara ya tatu alijua mahali pa kupiga makofi. Bibi Hansa aliimba amefumba macho, machozi yakimtiririka, na mama mmoja aliyekaa kando yake akamshika mkono.

Apolonia akaacha kupiga makofi. Akisema, Bibi angeaibika mbele ya wageni aliowangoja muda mrefu, na huenda yeye asingealikwa tena. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Bibi Hansa angetoa kwa Mungu chakula kilichoonjwa, bila habari.

Wimbo ulipokwisha, Bibi Hansa aliinuka kwenda jikoni. Apolonia akamfuata.

"Bibi, usiichukue halua. Nimeionja."

Bibi Hansa alisimama, kitambaa cha kushikia sufuria mkononi. "Umeionja?"

"Mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya moto. Kinjal aliponiuliza, nikamdanganya."

Sebuleni watu walikuwa wanangoja. Bibi Hansa aliitazama sufuria, akaifunika, akaisogeza pembeni.

"Kinjal! Waambie waimbe wimbo mmoja zaidi. Halafu njoo uandae ndizi na sukari, tutatoa hizo."

Kinjal aliporudi na kuelezwa, alimkazia macho rafiki yake. "Kumbe uliniongopea!"

"Nisamehe. Niliogopa."

"Haya, osha ndizi. Na hizo ukizionja, Jumatatu tafuta dawati lingine!"

Ndizi na sukari zikawekwa mbele ya madhabahu, taa ikazungushwa, kisha kila mtu akapokea kipande kwa mkono wa kulia. Apolonia naye alipewa. Hakuna mgeni aliyeulizia kitu kingine.

Baadaye, wageni walipokuwa wananawa ili wale, Bibi Hansa alirudisha sufuria ya halua motoni.

"Hii haina ubaya," alimwambia Apolonia. "Haifai kutolewa tu, lakini watu watakula. Kwa kuonja hukukosea, maana hukujua, na mimi sikukwambia. Kosa lilikuwa kumdanganya mwenzio. Tena ungenyamaza, nisingekuwa na njia ya kurekebisha. Umesema ukweli mapema, nikapata nafasi ya kutoa ndizi. Mtu akikosea, aseme wakati bado kuna la kufanya."

"Nimeelewa, Bibi."

"Sasa nijibu. Humu ndani ni wewe tu unayejua. Sukari inatosha?"

Apolonia alisita. "Imepungua kidogo, Bibi."

Bibi Hansa alicheka mpaka Kinjal akaja kuchungulia. Kisha akachota sukari, akaimimina kwenye sufuria, akampa Apolonia mwiko.