Mpendwa, Miadi Yako Imethibitishwa

"Mke wa mtu hapangi miadi na mwanamume mwingine! Nimesema, na nitarudia hata mkiniletea kipaza sauti!"

Mama Pacha alikuwa amesimama kati ya bomba na kamba ya nguo, ndoo mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine kinaelekea usoni kwa Fundi. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Jumatano. Milango yote ya uwanja wa ile nyumba ya kupanga ilikuwa wazi, na aliyekuwa anapiga mswaki alikuwa ameacha kupiga.

Fundi alisimama kibarazani kando ya cherehani yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama Pacha, miadi gani? Mimi toka asubuhi mpaka jioni niko hapa nashona. Mwanamume nitampanga saa ngapi, akiwa amekaa kwenye pindo?"

"Usinichekeshe! Mume wako yuko ughaibuni anawaogesha wazee wa watu, mwezi wa kumi na nne huu, kusudi upate maisha. Wewe huku unaitwa mpendwa!"

"Naitwa mpendwa na nani?"

"Na huyo wako wa geti la nyuma!"

Msusi, dada mwenye saluni chumba cha mwisho, akatoka na kitana kichwani. "Mama Pacha, mambo ya geti la nyuma hayasimuliwi nusu. Leta yote tujue moja."

"Nayaleta! Ujumbe umeingia kwenye simu yangu Ijumaa. Mungu si mjinga, kakosea namba huyo mzinzi, badala ya kumtumia yeye kanitumia mimi. Na jina lake liko humohumo!"

Fundi hakuogopa kufumaniwa, maana hakuwa na cha kufumaniwa. Alimkumbuka mumewe, Muuguzi. Tangu Jumamosi hakuwa amepokea simu yake hata moja. Kila ujumbe ulisomwa na kuachwa. Jibu lilikuja moja tu, maneno mawili: "Subiri Jumatano." Siku nne Fundi alikuwa anajiuliza Jumatano kuna nini.

"Mama Pacha," alisema taratibu. "Ulimwambia mume wangu?"

Mama Pacha akatazama ndoo yake kidogo, kisha akainua kidevu.

"Nilimtumia sauti ya dakika moja na nusu. Ndiyo. Namba yake ninayo tangu zile siku alizokuwa anakupigia kupitia kwangu, simu yako ilipotumbukia kwenye ndoo. Mimi nimeshika ndoa yako, wewe umeiachia!"

"Soma huo ujumbe."

"Nisome mbele ya watu?"

"Si umeshanitukana mbele yao? Soma!"

Mama Pacha akaifuta simu kwenye gauni, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya kutoa ushahidi:

"Jina lake hili hapa juu! 'Mpendwa, miadi yako imethibitishwa. Jumatano saa tatu kamili asubuhi. Njoo peke yako. Fika dakika kumi na tano kabla. Ingia kwa geti la nyuma. Simu na mikoba haviruhusiwi.' Mnasikia? Hataki hata apigwe picha! 'Ukikosa, nafasi yako atapewa mwingine.' Ana foleni ya wanawake, shetani huyu! 'Njoo na pasi halisi na picha mbili za...'"

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Malizia," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"'...picha mbili za pasipoti. Jibu NDIYO au HAPANA. Kitengo cha viza.'"

Maji ya bomba yakaendelea kumwagika, hakuna aliyeyafunga.

"Miezi minane!" Fundi akapiga kelele. "Miezi minane kila nikiamka nafungua ule mtandao wao, unaniambia 'Hakuna nafasi kwa sasa, jaribu tena baadaye'! Nimejaribu mpaka kidole kimeota sugu! Kumbe nafasi iko kwenye simu yako toka Ijumaa inaitwa mzinzi!"

"Mimi ningejuaje? Viza gani inamwita mke wa mtu mpendwa?"

"Siku ile niliyojaza fomu simu yangu ilikuwa mbovu, nikaandika namba yako! Hata mimi nilishasahau!"

"Sasa..." Mama Pacha akaweka ndoo chini. "Mimi nilimjibu."

"Ulimjibu nani?"

"Huyo. Kitengo."

"Ulimjibu nini, Mama Pacha?"

"Maneno ya kawaida tu," akasema Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza toka wahamie pale, watu wakamsikia akinong'ona.

Hakukuwa na muda wa kuyasikia. Msusi alishakimbilia barabarani kuita pikipiki. Fundi akaingia ndani, akachomoa bahasha iliyokuwa imetundikwa juu ya cherehani. Alikuwa ameishonea mfuko wa kitambaa wenye zipu, kila Jumamosi akaipangusa vumbi. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa, pasi, picha na barua zote, vimekaa kama abiria waliocheleweshewa safari. Simu akamwachia Msusi.

"Mume wako akipiga?"

"Mwambie mkewe ameenda kwenye miadi."

* * *

Alifika geti la nyuma la ubalozi dakika nne kabla ya kufungwa orodha. Askari alimkagua juu mpaka chini, akaishia shingoni.

"Mikoba hairuhusiwi."

"Hii ni futi ya kupimia nguo, kaka. Nimetoka nayo bila kujua."

"Utampima nani humo ndani?"

"Yeyote atakayenisumbua."

Askari akacheka, akampitisha.

Dirisha la tatu alikuwepo karani wa makamo, miwani imeteremka puani, anaongea kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Akachapa jina, akatazama kompyuta. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Tulikutumia ujumbe ujibu NDIYO au HAPANA. Jibu lako limeingia, na mfumo umeshindwa kulielewa. Nisome?"

"Soma tu."

"'Koma! Huyu ni mke wa mtu. Ukimtaka pitia kwa mumewe kwanza.'"

Nyuma ya Fundi kuna mtu alikohoa ili asicheke, ikashindikana. Benchi zima likafuata.

Fundi angeweza kuomba radhi. Wengi wangeomba. Mbele ya kile kioo alishaona watu wazima wakiongea kama watoto waliovunja kikombe. Lakini miezi minane ilikuwa imemkaa kooni, na siku nne za kimya cha mumewe juu yake.

"Hilo ni jibu sahihi," alisema. "Mimi ni mke wa mtu. Na hicho ndicho ninachoomba hapa, baba, nipite kwa mume wangu. Sasa mfumo haujaelewa nini?"

Karani akamtazama.

"Nani aliandika?"

"Jirani yangu. Mlimwandikia 'mpendwa, njoo peke yako, geti la nyuma.' Alidhani ni mwanamume ananitongoza. Akamwambia na mume wangu. Mume wangu haongei na mimi siku ya nne leo. Kwa hiyo kabla hujaniuliza kama ndoa yangu ni ya kweli, jiulize ndoa ya uongo nani angeipigania hivyo saa moja na nusu asubuhi, bombani."

Karani akavuta mfuko wa kitambaa, akafungua zipu, akaitazama mishono yake.

"Umeushona mwenyewe?"

"Nilikuwa na muda."

Akapitia karatasi moja moja. Akagonga mhuri mara mbili, pasi akaiweka kwenye trei upande wake.

"Pasi inabaki kwetu. Utaitwa kuichukua. Namba ya simu tubadilishe?"

Fundi akafikiri kidogo.

"Ongezeni yangu. Ya kwanza msiitoe. Yule hakosi ujumbe hata mmoja."

* * *

Aliporudi, saa nane mchana, aliona watu wamejaa uwanjani kama kuna mnada. Mbele ya mlango wake alisimama Mama Pacha, mwiko mkononi, miguu ameitanua. Na mbele ya Mama Pacha, amekaa juu ya sanduku la magurudumu, koti la baridi limekunjwa magotini huku jua likiwaka, alikuwepo mumewe.

Muuguzi. Amekonda. Nywele zimeanza mvi pembeni, mvi ambazo kwenye kamera hazikuwa zikionekana.

"Nimemwambia hapiti!" Mama Pacha akatangaza. "Kaja na hasira, anataka kukagua chumba. Nikamwambia hiki chumba cha mwanamke mwaminifu, hakikaguliwi! Subiri mwenyewe aje!"

"Mama Pacha, si wewe uliyeniita?" Muuguzi akalalamika.

"Nilikosea! Mtu hakosei?"

Msusi akamkonyeza Fundi. "Nimemwambia uko kwenye miadi. Nusura azimie, ikabidi nimweleze ya ubalozini. Toka hapo amekaa tu juu ya sanduku."

Muuguzi akainuka. "Mke wangu..."

"Kaa."

Akakaa.

Moyo wa Fundi ulikuwa unamwambia akimbie amrukie shingoni, na miguu ilishaanza kukubali. Akaizuia.

"Umekuja kunifumania?"

"Nilisikia..."

"Nimeuliza. Umekuja kunifumania?"

"Ndiyo," Muuguzi akasema, kichwa chini.

"Sawa. Nilipoumwa malaria ile ya kulazwa, nilikwambia njoo hata siku tatu. Ulisema nini?"

"Kwamba likizo hakuna."

"Nilipokwambia nimechoka kusubiri, nakaribia kusahau jasho lako lina harufu gani, ulisema nini?"

Kuna mama alisema "Mh!" nyuma ya kamba ya nguo.

"Likizo hakuna," Muuguzi akajibu.

"Umbea wa dakika moja na nusu, likizo imepatikana! Kwa mapenzi ndege hazirukagi, kwa wivu zinaruka! Niambie, Dokta, ulimwambia nini huyo msimamizi wako?"

"Kwamba nina msiba nyumbani."

"Msiba wa nani?"

"Sikumtajia."

"Nitajie mimi."

Muuguzi akainua uso. Macho yalikuwa mekundu, na si ya safari tu.

"Wa ndoa yangu."

Hata Mama Pacha alishusha mwiko.

"Ulikuwa unaweza kuja siku zote hizo," Fundi akasema. Sasa sauti ilikuwa inatetemeka, akaiacha itetemeke. "Ungeomba ruhusa kama ulivyoomba safari hii."

"Ningeweza."

Fundi alitegemea uongo. Alikuwa ameshaunoa ulimi kuukata. Lile neno moja likamwacha hana cha kukata.

"Niliahidi mbele ya mama yako kwamba miezi mitatu utakuwa umenifuata," Muuguzi akaendelea. "Ikapita mitatu, ikapita sita. Kila wakisogeza tarehe naona ni mimi nimesogeza. Nikaona aibu kuja, nikutazame usoni, halafu nikuache tena. Hasira ilipokuja haikunipa muda wa kuona aibu. Nilipanda ndege. Na humo angani saa zote zile, naapa, nilikuwa naomba nikukute na huyo mtu, ili nikupiganie, kuliko nikukute umeshanisahau bila hata mtu."

"Unapigana wewe? Na hilo koti?"

Watu wakacheka. Muuguzi akacheka nusu, akafuta jicho.

"Simama," Fundi akasema. "Umenidhania vibaya mbele ya uwanja mzima. Sema kwa uwanja mzima."

Muuguzi akasimama kwa miguu iliyokufa ganzi. Akawageukia majirani, nguo zilizoanikwa zikimgusa bega.

"Majirani, mke wangu hana kosa. Mimi nimesikiliza sauti ya dakika moja na nusu nikasahau sauti ya miaka. Mwenye kosa ni mimi."

"Na mimi," Mama Pacha akadakia. "Robo."

"Nusu!" uwanja ukajibu.

"Haya, nusu! Ila mjue nimepika. Toka saa nne nimesimama jikoni kwake na mlangoni kwake kwa wakati mmoja, wali uko tayari, mchuzi uko tayari, na mtu hajapita. Fundi, mwanangu, viza wamesemaje?"

"Pasi wamebaki nayo. Watapiga simu."

"Watapiga kwa nani?"

"Kwako."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilimtoa mwenye nyumba usingizini, naye akapiga bila kujua anashangilia nini. Mama Pacha aliikumbatia simu yake kifuani kama mtoto mchanga, akaapa hataizima hata akiwa kanisani, hata akiwa mochwari.

Fundi akampita mumewe bila kumgusa, akafungua mlango. Harufu ya chakula cha moto ikatoka. Akaivua futi shingoni, akamzungushia Muuguzi kiunoni, akasoma namba.

"Umepungua inchi tatu. Huko mnakula au mnapigwa picha na chakula?"

"Nilikuwa nakula peke yangu."

Fundi aliishika futi ncha zote mbili, hakuiachia. Akamtazama yule mtu aliyevuka mawingu kwa sababu mbaya na kufika mlangoni kweli. Hakuwa amemsamehe. Kulikuwa na maneno mengi bado, na angeyasema yote, moja moja, wiki nzima kama ingebidi.

Akamvuta kidogo kwa futi.

"Mpendwa," alisema kwa sauti ya kitengo, uwanja mzima usikie, "miadi yako imethibitishwa. Njoo peke yako. Simu na sanduku haviruhusiwi, mwachie Mama Pacha. Nawa mikono, ingia ule."