Kasha la Stempu za Kijani

"Nguruwe wako amemaliza mistari miwili ya kabichi zangu, Delphia, na mimi sijawahi kuona nguruwe anayejua kufungua geti."

Delphia Sizemore, mikono kiunoni, akajibu kwamba huenda geti lilifunguliwa na mume wa Icie, maana ndiye kiumbe mwingine bondeni pale anayerudi nyumbani alfajiri kwa miguu minne. Icie Combs, jirani mwenye kabichi, akasema afadhali mume anayerudi. Hapo wakaanza upya. Kutoka kwenye kabichi wakahamia kwenye harusi ya mwaka arobaini na nane, nani alivaa nini na nguo iliazimwa kwa nani, na majirani wawili watatu waliokuwa na haraka zao wakaona haraka hizo zinaweza kusubiri.

Kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Delphia, wanaume wanne walikuwa wameizunguka meza. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Mke wangu ni bora kuliko mbwa watatu," Hobart Sizemore akanong'ona. "Akiwa anaongea, hakuna atakayetusikia sisi."

JUMAMOSI, SAA 3:40 ASUBUHI

Hobart alipanga punje za maharage mezani. Punje moja, geti la kiwanda cha wiski. Punje moja, ghala la mapipa. Punje moja, ofisi ya mkaguzi. Alikuwa mtu mpana, mpole wa sauti, na wote mezani walijua amezika watu wawili nyuma ya mtambo wake wa gongo.

Verlin Napier alimsikiliza huku akiwa amesimama. Yeye ndiye dereva. Miaka kumi na moja alikuwa akiishusha gongo ya Hobart kutoka milimani hadi kwenye wilaya kavu za Kentucky, ambako watu wa makanisa walipiga kura kuizuia pombe na bado hakuna aliyewahi kufa kwa kiu. Shida ya gongo ni kwamba kila mtu anajua ni gongo. Lakini ubandike juu ya kizibo ule ukanda wa karatasi ya kijani unaotolewa na serikali ya Washington, na gongo ya juzi inageuka kuwa wiski ya miaka minne iliyolipiwa ushuru. Hakuna duka linalouza stempu hizo. Zinakaa kwenye kasha la mkaguzi wa serikali, ndani ya kiwanda, na hata mwenye kiwanda hana ruhusa ya kuzigusa.

"Ghala lina kufuli mbili," Hobart alisema. "Moja ya tajiri, moja ya Washington. Mkaguzi akifunga yake, tajiri anasimama nje ya mali yake mwenyewe kama ombaomba. Stempu zimeletwa jana. Leo wafanyakazi wanatoka saa tano na nusu. Saa sita kamili mkaguzi Pettit anafunga, anakwenda kwake kula, saa saba ndiyo anarudi. Anabaki mlinzi mmoja tu, tena getini."

"Kasha?" aliuliza Estill, fundi wa kufuli, mwembamba mwenye vidole vya mpiga fidla.

"Kasha ni lako."

Habari zote hizo zilitoka kwa Orbin, mdogo wake Verlin. Miaka miwili aliyaviringisha mapipa kiwandani pale, hadi majira ya kuchipua alipoacha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, nywele nyekundu kama kutu, na mfukoni alikuwa na tiketi ya basi la Jumatatu kwenda Ohio, kwenye kazi ya kiwanda cha matairi. Verlin hakutaka kitu kingine duniani ila Jumatatu hiyo. Alimwomba Hobart amwache Orbin nje ya kazi hii. Hobart akamjibu kwamba anayejua mlango ndiye anayeingia kwanza.

Sasa Hobart akaiweka bunduki yake ya risasi mbili juu ya maharage. Mtutu alikuwa ameukata kwa msumeno, ukabaki kama mkono wa mtu. Akacheka. Washington, alisema, wanataka chao kwenye chupa, wanataka chao kwenye sigara, na hata mtu akikata bunduki yake mwenyewe sharti awaandikie barua.

"Na mtu akitokea?" Orbin aliuliza.

"Asiyetuona uso anaishi."

"Na akituona?"

Hobart hakumtazama Orbin. Alimtazama Verlin. "Mdogo wako anapenda maswali."

SAA 5:52 MCHANA

Lori lilikuwa la kubebea mapipa matupu, kama malori yote ya njia ile. Mlinzi aliinua mkono bila kuinua macho kwenye gazeti. Verlin akapita, akazunguka ghala, akarudisha lori kinyumenyume hadi mlango wa ofisi. Harufu ya wiski iliyolala miaka ilikuwa inatoka kwenye mbao za kuta.

Nyuma, kati ya mapipa, watu watatu walisubiri. Vitambaa puani, kofia hadi kwenye nyusi. Verlin peke yake alikuwa uso wazi, kwa sababu dereva mwenye kitambaa hapiti getini.

SAA 6:05

Hawakumwona Pettit akitoka. Hobart alisema leo amewahi, ameshakwenda. Estill akaingiza chuma kwenye kufuli la mlango.

Mlango ulikuwa wazi.

Verlin alisikia sauti ya mzee ikiuliza nani huyo. Kisha kishindo, kiti kikaanguka, kimya. Baada ya dakika mbili Hobart akatoa kichwa nje.

"Yumo ndani. Kateguka mguu, ameuweka kwenye ndoo ya maji. Mzee ana akili, kasha amelifungua mwenyewe. Dakika tano."

"Amekuoneni?"

"Ameona vitambaa tu."

Verlin akashusha pumzi. Dakika tano. Akalegeza kamba za mapipa, akazikaza tena. Kupitia mlango aliona Estill akitoa masanduku ya bati, na Orbin ameshika bastola kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike.

SAA 6:11

Mwanamke alitokea kona ya ghala. Lorene Pettit, mke wa mkaguzi, sahani mikononi imefunikwa kitambaa, anatembea polepole mchuzi usimwagike. Mumewe hawezi kwenda kula, basi chakula kinamfuata.

Verlin angeweza kumzuia. Angeweza kusema mama, mzee yuko ghalani. Lakini ili aseme naye lazima amtazame, na akimtazama ataonekana. Akainamisha kofia, akashika kamba. Lorene akamsabahi akapita, akausukuma mlango kwa kiwiko.

Verlin akamfuata ndani. Alikuwa amechelewa hatua nne.

Aliyoyaona aliyaona mara moja. Pettit kitini, mikono imefungwa kwa waya. Estill na sanduku la tatu. Hobart dirishani. Lorene amesimama katikati, sahani bado mikononi. Na Orbin, aliyelelewa na mama ambaye angemchapa mwanamume mzima kwa kusimama mbele ya mwanamke akiwa na kofia kichwani, akavua kofia.

Mkono ulikwenda wenyewe. Nywele nyekundu zikamwagika juu ya kitambaa.

"Orbin?" Lorene alisema. "Orbin, mwanangu, unafanya nini hapa?"

Sahani haikuanguka. Aliiweka mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

"Basi," Hobart alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya upole. "Umewaua, Orbin. Siyo mimi."

Pettit akaanza kusema hamjui kijana yule, hajawahi kumwona, mkewe macho yake mabovu. Hobart akampiga risasi akiwa katikati ya neno. Kile kipande cha bunduki kilinguruma chumbani kama radi ndani ya pipa. Kiti kikapaa na mkaguzi wake, ukuta wa nyuma ukawa mwekundu, maji ya ndoo yakatiririka sakafuni yakibadilika rangi.

Hobart akageuza mtutu kwa Lorene. Kati yake na mtutu alikuwa Orbin.

"Toka hapo."

Orbin akatikisa kichwa. Bastola yake alikuwa ameishusha, ameisahau mkononi.

"Hobart," Verlin alisema kutoka mlangoni. "Huyo ni mdogo wangu."

"Ndiyo maana namwambia mara mbili. Toka, kijana."

"Amenipa maji ya kunywa miaka miwili," Orbin alisema. "Siwezi kutoka."

Hobart akafyatua.

Orbin akakunjika, akakaa chini, mikono yote miwili tumboni, uso wa mshangao. Verlin hakukumbuka kutoa bastola. Alikumbuka tu kwamba Hobart aligeuka, kwamba mtutu mfupi ulikuwa mtupu na Hobart akaujua ni mtupu. Risasi ya kwanza ikampata shingoni. Ya pili kifuani. Hobart akaegemea dirisha, vioo vikatoka naye, nusu nje nusu ndani, damu ikashuka ukutani kwa upande wa jua.

Estill hakusubiri. Akakumbatia sanduku, akaruka mlango. Verlin alisikia bunduki ya mlinzi, mara moja, kisha mara ya pili. Alipomburura Orbin nje, Estill alikuwa chali uani, taya limeondoka, sanduku limepasuka. Vile vikanda vya kijani vilikuwa vinapeperuka juu yake na kumganda usoni.

Lorene alikuwa amepiga magoti karibu na mumewe, anamfungua waya za mikono.

SAA 6:20

Mlinzi alipiga lori risasi tatu. Moja ikavunja kioo, moja ikaingia kwenye pipa, moja haijulikani ilikokwenda. Verlin akapita na geti zima mbele ya bampa.

Barabara kuu ilikuwa ya sherifu na polisi wake sasa. Akashika njia za mto, zile za usiku wa gongo, safari hii jua likiwa utosini na kila mtu akiweza kumwona. Kwa lori lile asingefika kokote. Gari safi, lisilotafutwa na mtu, lilikuwa limefichwa zizini kwa Hobart, na ufunguo wake ndani ya nyumba. Akilipata, ni mwendo wa saa mbili hadi Tennessee, kwa daktari asiyeuliza maswali.

Orbin alikuwa amejilaza kitini, koti la Verlin limejazwa tumboni.

"Nilivua kofia," alisema.

"Najua."

"Sikufikiria, kaka. Aliingia tu, nikavua."

"Najua. Nyamaza."

Orbin akacheka kidogo, damu ikamtoka puani. Akasema Ohio watadhani aliachwa na basi. Kisha akalala, na kila baada ya kona Verlin alimwekea mkono mdomoni kuhisi kama pumzi ipo. Ilikuwepo. Nyembamba, lakini ipo.

SAA 8:05

Alilisimamisha lori chini ya kilima, nyuma ya zizi. Hesabu ilikuwa rahisi. Delphia hajui kitu. Atamwambia Hobart yuko nyuma anakuja, atachukua ufunguo, ataondoka.

Akapanda njia ya mguu. Mbele yake walikuwa wanawake wawili, wamebeba bakuli zilizofunikwa. Hawakumsalimu. Nyuma ya nyumba, mwingine alikuwa anaingia na mkate wa mahindi ndani ya kitambaa, na mwingine na sufuria ya kuku. Kwenye uzio, farasi wawili na gari la kaka zake Delphia.

Verlin akasimama. Bondeni pale majirani hawaipandishii nyumba chakula saa nane mchana bila sababu. Sababu ni moja tu, msiba, na mtu hupelekewa kabla machozi hayajakauka.

Akaikumbuka simu. Waya mmoja kutoka kiwandani hadi bondeni, nyumba tisa, na simu ikilia nyumba moja, wote tisa wanainua kusikiliza. Lorene Pettit alikuwa amempigia sherifu. Alikuwa ametaja nani kampiga nani, kwa majina.

Angeweza kurudi. Akageuza kichwa, akaliona lori, na mkono wa Orbin umeangukia nje ya dirisha.

Delphia alitoka barazani. Alikuwa ameshavaa nyeusi. Nyuma yake, mlangoni, Clell, kaka yake mkubwa, na wengine wawili, wamevaa kofia, mikono imetulia.

Hakuuliza Hobart yuko wapi. Verlin naye hakuanza uongo wake.

"Orbin anapumua?" Delphia aliuliza.

"Anapumua. Kidogo."

"Lorene amesema mtoto yule alisimama mbele yake." Macho yake yalikuwa makavu. "Basi yeye hana deni la damu kwetu. Clell, chukua gari zizini, mpeleke Tennessee. Taratibu kwenye mawe."

Clell akasita. Delphia hakurudia. Clell akatoa ufunguo mfukoni, akashuka ngazi, akampita Verlin karibu kiasi cha kugusana mabega.

Verlin akasimama pale hadi aliposikia injini ikiwaka, na mlango wa gari ukifungwa mara mbili. Akaisikia ikishuka polepole kwenye mawe, ikavuka kijito, ikapanda upande wa pili. Akaisikiliza hadi ikawa haisikiki.

Kupitia mlango aliiona meza ndefu, imejaa bakuli za watu, viti vimevutwa, na kaka wawili waliobaki wakimpisha njia.

"Acha bastola hapo kwenye ngazi," Delphia alisema. "Kisha nawa mikono, Verlin. Ingia ule."